Timu ya chuo msimu ujao: anza na hesabu ya waliobaki

Vyuo vya Dar vikifunguliwa tu, habari inayotembea kuanzia hosteli hadi kwa mama ntilie huwa moja: kuna dogo wa mwaka wa kwanza, straika, katokea mkoani, anafunga balaa. Wiki mbili baadaye timu ishapewa kombe. Hakuna anayeuliza nani kaondoka, wakati timu ya chuo ndiyo timu pekee ambayo kila mchezaji wake anajulikana ataondoka mwezi gani na mwaka gani.

Chukua kikosi cha watu 24. Shahada nyingi ni miaka 3, kwa hiyo kila mwaka, kwa wastani, wachezaji 8 wanahitimu. Toa mmoja aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli. Toa wawili wenye sapu, mitihani ya kurudia, ambao wazazi wamewaambia mpira basi. Toa mmoja aliyesajiliwa na timu ya ligi ya mkoa na sasa anakuja mazoezini akijisikia. Umebaki na 12, na hao 12 ndio msimu wako. Dogo wa mkoani ni wa 13.

Chuo chenye wanafunzi wengi wa uhandisi kina nafuu kidogo kwa sababu wao wanakaa miaka 4, na wa udaktari miaka 5, ingawa hao wa udaktari wakishaanza zamu za wodini utawaona kwa nadra. Chuo cha stashahada za miaka 2 kina kazi ngumu zaidi: nusu ya kikosi kila mwaka ni sura mpya. Kwa hiyo kabla ya kusema timu ni nzuri au mbovu, andika majina kwenye karatasi, mbele ya kila jina weka mwaka wa masomo, kisha angalia mapengo yameangukia wapi. Kupoteza watu 8 waliotawanyika uwanja mzima kunavumilika. Kupoteza watu 4 wakati ni kipa, beki wa kati, namba sita (kiungo mkabaji) na nahodha, hapo msimu umeshaharibika kabla ya jezi kufuliwa.

Kipa ndiye anayesahaulika. Timu nyingi za vyuo zina kipa mmoja na "kipa wa pili" ambaye ni beki mrefu asiye na namba. Kama kipa wa kwanza yuko mwaka wa tatu, wa pili aanze kucheza mechi za kirafiki sasa hivi, dakika 45 kila mechi, maana mwakani hatakuwa na mtu wa kumwelekeza. Mpime kwa krosi kuliko mashuti. Mashuti ya karibu kila kijana mwepesi anaokoa, lakini krosi inayoshuka kati ya mita 5 na 8 kutoka golini, watu watano mbele yake, ndiyo inayotenganisha kipa na mtu aliyevaa glovu.

Namba sita ana kipimo chake, na hakihitaji vifaa. Msimamishe katikati ya duara la kati. Weka wapasiaji wanne kwenye mstari wa duara, mita 9.15 kutoka alipo. Nyuma yake asimame mtu mwenye vizibao viwili, chekundu na kijani, anainua kimoja sekunde moja kabla ya pasi kufika. Kijani: geuka na mpira. Chekundu: rudisha ulikotoka. Pasi 20. Utaona haraka sana nani anatazama nyuma ya bega kabla ya kupokea na nani anautazama mpira tu ukija. Anayepatia 15 na kuendelea anaweza kucheza dimba la chini. Anayepatia 8, hata awe na pasi tamu kiasi gani, atapokonywa mbele ya mabeki wake na utafungwa kwa kaunta. Huyo mpeleke pembeni, ana mstari wa kumlinda mgongo.

Tuje kwenye mchujo wa mwaka wa kwanza, maana hapa ndipo makocha wengi wanapoharibu. Vijana 60 wanakuja, kocha anapanga 11 kwa 11, uwanja mzima, dakika 20 kila kundi. Hawajuani, kila mtu anataka kuonekana, na winga mzuri anaweza kugusa mpira mara nne halafu akaambiwa asante. Wanaochaguliwa ni wenye mbio, wenye miili na wenye kelele.

Fanya hivi: timu za watu 7, kiwanja cha mita 55 kwa 40, dakika 12, kila kijana acheze mechi 3 siku ya kwanza. Watazamaji wawe watatu, kila mmoja na kazi moja. Wa kwanza anaangalia mguso wa kwanza mtu akibanwa. Wa pili anaangalia sekunde 5 baada ya kupoteza mpira: anakimbiza, anasimama, au anamlaumu mwenzake? Wa tatu anaandika namba za wanaotumia mguu wa kushoto, hao tu. Beki wa kushoto wa kweli ni adimu kwenye vyuo kama kiti cha daladala saa moja asubuhi, na mwenye mguu huo, hata akiwa wa kawaida, abaki kikosini. Siku ya pili wabaki 25, na kila mmoja acheze nafasi asiyoizoea. Mshambuliaji anayejua kukaba akiwekwa beki ni wa kuchukua bila mjadala.

Kuna jambo la hawa vijana ambalo wengi hawalipigii hesabu. Kidato cha sita wanamaliza mtihani Mei. Baada ya hapo wapo wanaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, wapo wanaokaa nyumbani wakicheza ndondo, mechi za mtaani, wikiendi. Aliyetoka JKT anakuja na pumzi ya kukimbia taratibu kwa muda mrefu, kwaride na mchakamchaka, lakini misuli yake haijapiga mbio za ghafla kwa miezi. Anaanza mazoezi kwa nguvu zote ili aonekane, na wiki ya pili anashika paja kwa nyuma. Aliyekuwa kwenye ndondo ana mbio lakini kifundo cha mguu kimeshapinda mara tatu kwenye viwanja vya vumbi na hakijawahi kutibiwa. Muulize kila mmoja alikuwa wapi tangu Mei kabla ya kumpa zoezi lolote.

Kwa misuli ya nyuma ya paja, zoezi moja linalofanya kazi ni la kushuka kwa magoti. Mchezaji anapiga magoti juu ya kitu laini (vizibao vilivyokunjwa vinatosha), mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, yeye ananyoosha mwili kuanzia magoti hadi mabega na kujishusha mbele polepole kadiri anavyoweza, akimalizia kwa mikono. Wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za mara 5. Ya pili, siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu, siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Lifanywe mwisho wa mazoezi. Wakilifanya mara 30 siku ya kwanza, kesho yake hawatembei, na keshokutwa hawaji. Tafiti zimeonyesha majeraha ya misuli hiyo yakipungua kwa karibu nusu kwa wanaolifuata vizuri. Kabla ya mpira, tumia utaratibu wa FIFA 11+, dakika 20, mazoezi 15 katika sehemu tatu: kukimbia taratibu, nguvu na mizani, kisha kukimbia kwa kasi. Hauhitaji chochote zaidi ya koni na mipira.

Na mchanga wa Coco Beach. Najua kila timu hapa mjini inaamini fizikali bila ufukwe si fizikali. Mchanga laini unazamisha kisigino, na nyama ya mguu pamoja na mshipa wa kisigino vinavutwa kuliko vilivyozoea. Mtu ambaye hajakimbia tangu Mei ukimpeleka huko wiki ya kwanza umemnunulia jeraha. Wapeleke wiki ya nne kama ni lazima, kwenye mchanga mgumu ulioloa maji yakitoka, dakika 25, wamevaa raba.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo inayoamua zaidi ya kipaji. Tuseme chuo kimefunguliwa mwanzoni mwa Novemba na mashindano yanaangukia katikati ya Desemba, iwe ni ya TUSA kwa vyuo vikuu au ya SHIMIVUTA kwa vyuo vingine. Una wiki 6. Ukipanga mazoezi mara 4 kwa wiki unapata vipindi 24, na hapo kocha anachora mipango ya kucheza kama timu ya Ulaya. Toa vipindi 5 vya mvua za vuli, maana uwanja wa chuo ukijaa maji unakauka siku ya pili. Toa 4 vya wiki ya test. Toa kimoja cha siku ambayo kitivo fulani kimeteka uwanja kwa bonanza. Umebaki na 14. Halafu Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi Wasabato hawapo, na bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo, likichelewa wanaokaa mageto ya Kimara na Mbagala hawana nauli ya kuja kila siku. Vipindi ambavyo kikosi chote kipo vitakuwa 8 au 9. Kwa vipindi 9 hufundishi mfumo mpya. Unafundisha mambo matatu: timu isimame vipi bila mpira, mpira utoke vipi nyuma mkibanwa, na mipira ya kutenga. Mengine wacheze wanavyojua.

Muda wa siku nao una lake. Novemba jua linazama kabla ya saa 12 na nusu jioni, viwanja vingi vya vyuo havina taa, na wapo wanaotoka darasani saa 11. Ukianza saa 11 na nusu una dakika 45 za maana. Asubuhi saa 12 ni bora, kuna mwanga na joto halijapanda, ila mchezaji asije na tumbo tupu: kikombe cha uji au ndizi mbili nusu saa kabla. Anayekuja hajala kabisa utamjua dakika ya 40, anaanza kufunga kamba za viatu kila mara.

Uzito wa mazoezi upimwe kwa namna rahisi. Nusu saa baada ya kumaliza, kila mchezaji anatoa alama 0 hadi 10 ya jinsi alivyochoka, unazidisha kwa dakika. Dakika 75 kwa alama 6 ni 450. Vipindi vitatu vya hivyo ni 1,350, ongeza mechi ya kirafiki ya dakika 90 kwa alama 8, yaani 720, jumla 2,070 kwa wiki. Mwaka wa pili na wa tatu waliokuwa wakicheza watabeba hiyo. Mwaka wa kwanza waanze kwenye 1,000 na kupanda kwa sehemu moja ya kumi kila wiki, au zaidi kidogo. Ndiyo, maana yake dogo wa mkoani hamalizi mechi mpaka wiki ya nne au ya tano. Mashabiki watapiga kelele. Waache wapige.

Kuhusu maji, mizani ya bafuni inasaidia kuliko hotuba. Mpime mtu kabla na baada ya mazoezi, kavu, bila jezi. Wa kilo 68 akishuka hadi 66.5 amepoteza takribani lita moja na nusu, zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na hapo kasi na umakini vinashuka. Kwa unyevu wa hewa wa Dar jasho halikauki, linachuruzika tu bila kuupoza mwili, kwa hiyo mtu anapoteza maji mengi huku joto likibaki palepale. Kama hakuna vinywaji vya dukani, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usikadirie chumvi kwa kiganja, ikizidi inaleta madhara.

Mashindano ya vyuo hayafanani na ligi. Timu zinakusanyika mji mmoja, makundi ya timu nne, mechi tatu ndani ya siku tano au sita, halafu mtoano unaanza bila kupumua. Aliyecheza dakika 270 za makundi anaingia robo fainali akiwa amekufa, na kubanwa na misuli dakika ya 60 ndiko kunakomtoa. Kwa hiyo ubora wa timu uhesabiwe kwa wachezaji 16 au 17 badala ya 11. Kanuni za mchezo sasa zinaruhusu kubadilisha hadi watu 5 kwa awamu 3 mbali na mapumziko, lakini soma kanuni za mashindano yenyewe, zinaweza kuwa tofauti. Panga tangu mwanzo kwamba hakuna mchezaji atakayezidi dakika 220 kwenye makundi ukiacha mabeki wa kati na kipa. Kama huwezi kupanga hivyo bila kuogopa, umeshajua timu yako itafika wapi.

Mipira ya kutenga niliitaja juu, na nairudia kwa sababu ya viwanja. Sheria inaruhusu uwanja wenye upana wa kuanzia mita 45 hadi 90, na viwanja vingi tunavyochezea ni vyembamba. Piga hesabu: uwanja wa upana wa mita 60, toa goli la mita 7.32, gawa kwa mbili, unapata mita 26.3 kutoka mstari wa pembeni hadi nguzo ya karibu. Kwenye uwanja wa mita 68 ni zaidi ya mita 30. Mrushaji anayefikisha mita 25 kwenye kiwanja chembamba ana kona kila mpira ukitoka karibu na boksi, tena kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea. Kwa hiyo ukifika mjini kwa mashindano, mtu wa kwanza kushuka kwenye basi awe na utepe wa kupimia. Mfundishe mmoja kurusha: mpira uanzie nyuma ya kichwa, mikono yote miwili, miguu yote chini, hatua nne za mbio, nguvu itoke kiunoni. Watu watatu wakimbilie nguzo ya karibu kwa kupishana, mmoja abaki nje ya boksi kwa mpira unaodondoka. Robo saa, kila kipindi, vipindi vyote 9.

Vifaa nitapita haraka. Mipira 12 kwa watu 24. Bomba lenye kipimo cha upepo, maana mpira namba 5 unatakiwa kuwa kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha angahewa, na kwenye ardhi ngumu ukijazwa mpaka mwisho unadunda kama wa tenisi. Barafu, bandeji za kuvutika, plasta. Aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa anatoka na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali.

Makaratasi yanaua timu kuliko majeraha. Kila mwaka kuna kelele za mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi walioingizwa kwa vitambulisho vya kuazima, na kila mwaka timu halali inanyang'anywa pointi kwa sababu ya uzembe. Mchezaji awe na kitambulisho cha chuo kisichoisha muda na uthibitisho wa kusajiliwa muhula huu. Hapa ndipo ada inapoingia: mwanafunzi ambaye hajakamilisha malipo anaweza kuwa darasani kila siku na bado asionekane kwenye mfumo kama amesajiliwa. Meneja akague majina yote wiki tatu kabla, wakati bado kuna muda wa kwenda kwa mshauri wa wanafunzi.

Kipimo cha mwisho ni mechi tatu za kirafiki: moja na timu dhaifu, moja na watu wazima wa mtaani wanaocheza kwa miili, moja na chuo kingine. Usiangalie matokeo. Mpandishe mtu ghorofani au jukwaani na simu, apige picha ya uwanja mzima dakika ya 10 na dakika ya 70. Pima umbali kati ya beki wa mwisho na straika kwa kulinganisha na boksi, ambalo lina urefu wa mita 16.5. Ikiwa dakika ya 10 ni mita 35 na dakika ya 70 ni 40, timu ina pumzi na ina nidhamu. Ikiwa imefika 55, viungo wamezama, kati kuna uwanja wa ndege, na mpinzani yeyote mwenye kiungo mmoja mtulivu atapita hapo.

Basi ukiwa na kipa, mabeki wa kati wawili na namba sita waliobaki, vipindi 9 vya maana na picha ya mita 40, timu yako ni ya robo fainali, na dogo wa mkoani anaweza kuisogeza hadi nusu fainali. Kama hao wanne wote wamehitimu, dogo atafunga matatu mechi ya kwanza dhidi ya timu dhaifu ya kundi, picha zake zitasambaa kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya chuo, na mechi mbili zinazofuata atakuwa amesimama pale mbele peke yake, mikono kiunoni, akisubiri mpira.